Jina la Mgongoni

Naitwa Fanueli. Naanza na jina kwa sababu kwa miaka kumi na moja sikulitumia, na nilipolirudia nilikuta limechakazwa na mtu mwingine ambaye hakuliomba.

Mwaka 2013 nilikuwa na miaka ishirini na moja, beki wa kulia, na tayari nilikuwa nimechelewa. Hivyo ndivyo alivyoniambia yule bwana aliyekuja Tanga kutafuta vijana wa timu ya pili ya klabu moja ya Dar es Salaam. Alinitazama nikicheza nusu saa, akaniita pembeni. "Mpira unao," akasema. "Lakini nataka wa chini ya miaka kumi na saba. Huna mdogo wako?" Nikamwambia ninaye, ana miaka kumi na mitano, yuko shule. Akacheka. "Simtaki yeye. Nataka cheti chake."

Wanaoujua mpira wetu hawatashangaa. Mchezaji ana umri aliopewa na mama yake na umri wa mpira, na hizo mbili hazikutani hata kwenye sherehe. Nilipanda basi mpaka kwetu Mtae, nikamkuta mdogo wangu Kristian jikoni anamenya viazi. Sikukiiba kile cheti. Afadhali ningekiiba. Nilimwomba, na kwetu mdogo hamkatalii kaka yake. Nikamwambia niazime jina lako mwaka mmoja tu. Aliniuliza swali moja, kisu mkononi: "Na mimi nitaitwa nani?" Nikacheka. Nikamwambia ataitwa vilevile, nani atapanda milima yote hii kuja Mtae kuuliza?

Mama yetu, Esteria, alisikia yote. Alikuwa mzee wa kanisa, mwanamke asiyependa hata kudanganya umri wa kuku wake. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mimi ndiye mkubwa, wa kwanza kati ya wawili. Mama alisema tu, "Hilo jina mchungaji alimwita nalo kwenye maji." Kisha akatoka nje kuanua nguo, ingawa mvua haikuwa na dalili ya kunyesha.

Basi nikawa Kristian. Nikawa Kristian kwenye timu ya pili, kisha timu ya kwanza, kwenye jezi, kwenye leseni, kwenye kitambulisho cha taifa nilichobonyezea vidole vyangu kumi. Yule mwenye jina alipomaliza kidato cha nne, yeye pia akaenda kujiandikisha, akaambiwa Kristian mwenye tarehe hiyo na wazazi hao keshapata namba. Akanipigia simu. Nikamwambia atumie karatasi zangu, mbona ni kitu kidogo. Akawa Fanueli. Cheti chake cha kidato cha nne, alichokipata kwa kusomea taa ya chemli, kikawa cha mtu asiyekuwepo. Chuo cha ualimu kilimrudisha mlangoni. Akarudi Mtae kulima karoti na kabichi.

Akaoa mke anayeitwa Modesta, wakapata mtoto wa kike. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto huyo kimeandikwa Jenoveva Fanueli. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na bado nikapata mtoto kwenye karatasi, mtoto ambaye sikumlipia hata sabuni.

Hapo sikuwa naona aibu. Niseme kweli. Aibu ilikuja na Mhispania.

Aliitwa Joseba, na alikuja kuifundisha klabu yetu mwaka 2023. Mrefu, goti la kulia halikunji vizuri, uso mwekundu kama aliyetoka kupuliza moto. Sisi tulimwita Mwalimu, kama tunavyowaita makocha wote. Kiswahili alijifunza haraka akakiongea vibaya, na palipomshinda alisaidiwa na meneja wa timu, Hamza, mtu wa Tanga mwenye maneno mengi na moyo mweupe.

Joseba hakuwa nyota, na mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema. Alizaliwa mji mdogo wa milimani huko kwao, mji wa kondoo na ukungu, na baba yake alitengeneza jibini. Alianza kuichezea timu ya mji, akachukuliwa na klabu ya daraja la pili akiwa na miaka kumi na tisa, kiungo mkabaji. "Kazi yangu," alituambia, "ilikuwa kuchukua mpira kwa mtu na kumpa mwingine anayejua kuutumia." Alifanya kazi hiyo miaka kumi na mitatu. Walishuka daraja, wakapanda, msimu mmoja tu wakafika ligi kuu, na huko alikimbia nyuma ya watu maarufu mpaka akawajua zaidi kwa migongo kuliko kwa sura. Goti lilipasuliwa mara mbili. Alikuwa nahodha.

Alivyoacha kucheza ndicho kisa alichokipenda. Alikuwa na miaka thelathini na miwili na mkataba wa mwaka mmoja mbele. Jumapili moja aligeuka kutazama benchi, akamwona kijana wa miaka ishirini amekaa na koti, mikono katikati ya mapaja, akimtazama yeye. Hakumtazama kwa chuki. Alimtazama kama mtu anayesubiri mvua ipite. "Nikajua yule ni bora kuliko mimi, na mimi ndiyo mvua," alisema. Jumatatu asubuhi akaingia ofisini akasema imetosha, mpeni namba yangu. Wakamwuliza sasa utafanya nini. Wakampa watoto wa miaka kumi na miwili awafundishe. Kutoka kwa watoto akaenda timu ya pili, akasomea ukocha, akapewa klabu yake ya kwanza, akafukuzwa baada ya mechi kumi na moja. Akapata nyingine, akadumu. Kisha simu ikapigwa kutoka Dar es Salaam.

Wenzangu walikipenda kisa hicho. Mimi kila akifika kwenye lile benchi nilikuwa na kamba ya kiatu ya kufunga.

Joseba alikuwa na utani mmoja uliokuja kunimaliza. Alipofika nchini alifundishwa neno shikamoo, akadhani ni "habari za asubuhi". Akawa anamshikamoo kila mtu: mlinzi wa geti, wauza machungwa, wasichana wa shule. Wasichana walikimbia wakicheka mpaka madaftari yakawadondoka. Hamza ikabidi amkalishe chini amweleze. Shikamoo inapanda, haishuki. Mdogo humpa mkubwa, na mkubwa huitikia marahaba, na hakuna Mtanzania mwenye akili zake atakayemwamkia aliye mdogo kwake.

Joseba akapiga paja. "Kumbe mna kipimo!" Kuanzia siku hiyo akaacha kuamini vyeti. Alikuwa ameshasikia habari za umri wa mpira, kila kocha wa kigeni huzisikia wiki ya kwanza. Kukiwa na mchezaji wa majaribio, alimsogeza karibu na watu wa mtaani kwake, kisha akasimama pembeni na kusikiliza nani anamwamkia nani. Alimwondoa kipa mmoja wa "miaka kumi na tisa" kwa sababu kondakta mwenye ndevu alimpa shikamoo stendi. Tulicheka sana siku hiyo. Mimi nilicheka kuwapita wote.

Mwaka uliofuata, Julai, akatangaza kambi ya maandalizi ya msimu. Alitaka mahali pa juu, pa baridi, penye vilima vya kukimbia. Hamza akamtajia Lushoto. "Si ndiko kwenu, Kristian?" Nikasema ndiyo, kwetu ni mbele zaidi, Mtae, mwisho wa barabara. Wote wakanipigia makofi kana kwamba nimeijenga mimi.

Tulifikia hosteli ya kanisa. Joseba alitoka kwenye basi akavuta hewa, akaona ukungu umekaa juu ya mikaratusi, akasema kwa mara ya kwanza tangu aje Tanzania hajisikii mgeni. Alikula peasi mpaka tumbo likamsumbua. Wiki nzima tulipanda na kushuka vilima, na mimi nikaanza kuvuta pumzi vizuri, kwa sababu hakuna mtu wa Mtae aliyeonekana. Kutoka Mtae hadi Lushoto mjini si mwendo wa kuja kununua chumvi.

Siku ya Ijumaa Hamza akasoma ratiba. Kesho yake jioni mechi ya kirafiki na kombaini ya wilaya. Akanipa orodha yao nimsaidie kuyatamka majina. Namba kumi na moja, winga wa kushoto, alikuwa Fanueli wa Mtae, miaka thelathini na miwili.

"Huyu ni kaka yako?" Hamza akauliza. "Jina la baba ni moja."

"Ndiyo," nikasema. "Kaka yangu."

"Na hujasema! Mwalimu, njoo usikie!"

Nilimpigia Kristian simu. Nikamwambia asije. Akaniambia kwa upole kwamba kocha wa kombaini ameshamweka kikosini, kwamba yuko njiani na mama na Modesta na mtoto, kwamba hajawahi kuniona nikicheza ana kwa ana hata siku moja. "Usiwe na wasiwasi, kaka," akasema. "Huku wananiita Kifimbo. Hakuna atakayeniita kwa jina." Ndivyo alivyokuwa. Mimi nawaza ngozi yangu, na yeye naye anaiwazia ngozi hiyohiyo.

Jumamosi uwanja wa Lushoto mjini ulijaa. Tukajipanga mistari miwili kupeana mikono, sisi tunatembea, wao wamesimama. Nikamwona Kristian wa pili kutoka mwisho, mwembamba, soksi moja imeshuka, anatabasamu. Nyuma yake, nje ya chokaa, mama amesimama na kitambaa cheupe kichwani, Modesta kambeba Jenoveva. Na hatua tatu kutoka kwa Kristian, mikono nyuma, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza redio, alikuwa Joseba.

Mkono wangu ulipomfikia, mdomo wa Kristian ukafunguka. Mimi nilijua kinachokuja. Tangu ajue kusema hajawahi kukutana nami bila kuniamkia. Lilikuwa linamtoka lenyewe, kama chafya. Nikaliona neno limefika kwenye meno yake.

Nikamwahi.

"Shikamoo, kaka," nikasema, kwa sauti ya kumfikia Mhispania. Na nikainama kidogo.

Mkono wake ukalegea ndani ya wangu. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki pale kama limesahauliwa. Aliangalia chini, akaangalia kwa mama, akarudi kwangu. Nilimminya mkono. Nilimminya kwa nguvu, Mungu anisamehe, kama mtu anayemkamua.

"Marahaba," akasema.

Nikasogea kwa anayefuata. Sikugeuka kwa mama. Nilisikia mtoto akiuliza kitu, na Modesta akimnyamazisha.

Sasa nikwambie kuhusu uwanja wa Mtae, tulikojifunzia mpira. Kijiji chetu kiko juu ya mgongo wa mlima, na upande mmoja wa uwanja ni genge. Mpira ukitoka upande huo unashuka bondeni, na sheria ni kwamba aliyeutoa ndiye anayeufuata, nusu saa kwenda, saa nzima kurudi. Kwa hiyo watu wa Mtae hatupigi mpira mbali. Tunaukalia. Tunaugusa kila hatua, tunageukia ndani, tunapita mahali ambapo mwenzetu wa tambarare angebutua. Mimi huo ujuzi Dar es Salaam walinitoa, wakanifundisha kubutua. Kristian alikuwa nao mzima.

Na mimi ni beki wa kulia. Yeye winga wa kushoto. Uwanja mzima ule, Mungu aliona atuweke ana kwa ana.

Alinipita dakika ya sita. Alinipita tena dakika ya kumi na kitu, akapiga krosi, ikawa bao. Kila alipopata mpira watu walipiga kelele "Kifimbo! Kifimbo!" na mimi nikawa nakimbia nikiwa nimempa mgongo, na mgongoni kwangu kumeandikwa KRISTIAN kwa herufi kubwa za njano. Dakika tisini alikimbia akilisoma jina lake. Hakunichezea rafu, hakunitolea neno. Mara moja nilianguka, akaniinua, na ile mikono ilikuwa migumu kwa jembe. Tulitoka sare mbili kwa mbili, na mabao yao yote mawili yalipitia kwangu.

Baada ya filimbi Joseba alikwenda moja kwa moja kwa mama. Akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama." Mama akaitikia. Kristian alikuwa pembeni yake, jasho linamtoka, na mimi nilikuwa nimefika. Joseba akamwekea Kristian mkono begani.

"Mama, hongera. Wana wawili wazuri. Lakini huyu mkubwa," akampigapiga bega, "huyu mkubwa ndiye mchezaji."

Mama aliniangalia. Nilikuwa na nafasi hapo, ya urefu wa pumzi mbili. Nikaangalia viatu vyangu.

"Asante, baba," mama akasema.

Walirudi Mtae bila kukaa kula. Mama alikuwa amenibebea kikapu cha plamu. Alikikabidhi kwa Hamza.

Jioni ile, kabla ya chakula, Joseba aliniita barazani. Alikuwa na kijitabu chake. "Kaka yako," akasema. Hamza alikaa katikati yetu kutafsiri palipohitajika. "Nimetafuta mguu wa kushoto kama ule mwaka mzima. Nilikuja hapa nikiwa na nafasi moja ya kusajili, moja tu. Nilimwona dakika ya sita nikasema, basi, nimepata. Nikaangalia karatasi: thelathini na miwili. Nikasema hapana, karatasi za huku ni za uongo, huyu anakimbia kama kijana wa ishirini na sita."



"Lakini mimi mwenyewe nilisikia," akaendelea. "Nilisimama pale kwa makusudi. Wewe ulimwamkia. Mtu anaweza kughushi cheti, Kristian. Shikamoo huwezi kuighushi." Akachora mstari kwenye kijitabu. "Pole. Mwambie kaka yako angezaliwa baadaye kidogo."

Hamza akaguna kwa huruma. Mimi nikasema, "Nitamwambia, Mwalimu." Nikaingia ndani, nikala wali na kunde, nikaongeza.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka kumi na moja, sijui huwa wanapimia kamba gani. Na hata pale haikuishia. Tulirudi Dar es Salaam, tukateremka kona za Soni na mimi nimejifanya nimelala. Dirisha la usajili lilikuwa wazi majuma matatu zaidi. Kila siku nilimwona Joseba mazoezini, kila siku nilimwambia "Shikamoo, Mwalimu," na kila siku neno likanichubua mdomo. Nilijua tarehe. Lilikuwa linafungwa Ijumaa. Jumatano nilikwenda mpaka mlangoni kwake nikarudi. Alhamisi wakamsajili winga kutoka Kigoma, mvulana mzuri, hana kosa. Ijumaa dirisha likafungwa, na mimi, ningependa kuficha lakini sitaficha tena, nilipumua.

Jumapili mama akanipigia.

"Leo ilikuwa Chakula cha Bwana," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Sikwenda mezani."

Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, na kwamba mchungaji naye amemwuliza hivyohivyo, na waimbaji wenzake. "Yule mzungu alimwita Kristian mkubwa, mimi nikasema asante. Ile asante imenikaa kooni, mkate hauwezi kupita." Kisha akasema, "Mimi sikulaumu, Fanueli. Nilikuwepo jikoni siku ile. Nilitoka nje kuanua nguo." Akakata simu. Alikuwa ameniita Fanueli, na nilipolisikia niligeuka kuangalia nyuma yangu, kama anayeitwa ni mwingine.

Jioni ile, baada ya mazoezi, nilimkuta Joseba anaokota koni uwanjani na Hamza anahesabu mipira. Nikasema yote. Nilisema jina langu, na mwaka wangu, na jina la mdogo wangu, na mwaka wake, na nani aliyestahili kumwamkia nani. Hamza aliacha mpira ukadunda ukaenda zake. Joseba aliendelea kuokota koni mpaka zikaisha, akazipanga moja ndani ya nyingine.

"Kwa nini leo?" akauliza.

"Mama yangu."

"Hapana. Nauliza kwa nini si Alhamisi."

Niliufuata kwa macho ule mpira wa Hamza.

"Ulijua dirisha linafungwa Ijumaa."

"Nilijua."

Alitikisa kichwa taratibu. Nilitegemea anitukane, ningeshukuru. "Mimi nilimpisha kijana," akasema, "ambaye mpaka leo sijui baba yake anaitwa nani."

"Ziwa moja!" Hamza akalipuka, machozi yanamlenga. "Mmenyonya ziwa moja, Kris! Hata sijui nikuite nani, mtu wewe!"

Joseba alinipa masharti mawili. La kwanza niandike kosa langu mwenyewe kwa shirikisho la mpira, kabla yeye hajaandika. Nikafanya hivyo, nikafungiwa, na klabu ikanitoa. La pili lilikuwa gumu. "Nenda kwenu. Usimpigie simu. Simama mbele yake umwambie kwamba nilimtaka, na kilichonizuia ni nini." Nikamwuliza kama atamchukua msimu ujao. Akasema jina la Kristian sasa limo kwenye kesi yangu, litakaa humo mpaka litakapotolewa, na winga wa miaka ishirini na sita hana misimu ya kusubiri kesi. Alisema bila ukali, kama daktari.

Nilifika Mtae siku ya Jumanne mchana. Kwenye basi watu wanaonijua tangu mtoto walinisalimia bila kutaja jina lolote, na hapo nikaelewa kwamba kijiji kizima kilikuwa kinajua siku zote, kilinilinda, na kilichoka.

Kristian alikuwa shambani, matuta ya karoti yale ya chini ya kanisa, anapalilia. Jenoveva amekaa kwenye gunia pembezoni. Modesta aliniona kwanza, akaacha jembe lake pale pale kwenye tuta, akapanda nyumbani bila neno.

Kristian alinyoosha mgongo. Akaegemeza jembe, akajifuta mikono kwenye suruali, moja kisha nyingine, kama anavyofanya mtu aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, kaka," akasema.

"Usiniamkie kwanza," nikamwambia. "Nina neno."

Nikasema. Nilisema nimesimama, ukungu unapita katikati yetu, na sikujipunguzia hata tone. Kwamba Mhispania alimtaka. Kwamba alikuwa na nafasi moja, na aliishikilia kwa ajili yake mpaka aliponisikia mimi nikimwamkia. Kwamba shikamoo yangu ndiyo iliyomwua. Kwamba nilikuwa na majuma matatu ya kurekebisha na niliijua tarehe. Kwamba dirisha lilipofungwa nilipumua. Hilo la mwisho Joseba hakuniagiza, nililiongeza mwenyewe.

Alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukubadilika sana. Alitazama upande wa uwanja, kule kwenye genge, kwa muda mrefu.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Nilikuamkia. Hujaitikia."

Marahaba ni neno la mkubwa. Nilimtazama mtu huyu mwenye soksi zilizotoboka, aliyebeba jina langu miaka yote hiyo bila kulichafua, na mimi lake nikalirudisha limefungiwa. Ningepokeaje heshima yake? Nikatamani anipige na lile jembe.

"Itikia, kaka Fanueli," akasema, pole pole, na macho yake yakaenda kwenye gunia. "Mtoto anatazama."

Jenoveva alikuwa ananitazama kweli, kidole mdomoni, anangoja mchezo anaoujua uishe kama unavyoishaga.

"Marahaba, Kristian," nikasema. Nililisema nikitazama udongo, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake tangu nilipolichukua.

Akaitika kwa kichwa. Kisha akashika mpini, akainama, akaendelea kupalilia. Tuta lilikuwa refu, na jembe la Modesta lilikuwa limelala pale pale kati yetu, lakini hakuniambia nilichukue.